Simu ndiyo iliyokwama, mfululizo haujakwama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, PCM, niko nyumbani Masasi nasubiri matokeo, na jioni napiga gitaa la solo kwenye kwaya yetu. Shuleni tuliambiwa mfululizo 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea unaitwa wa harmoniki, na kwamba jumla yake haina kikomo. Nikaandika programu kwenye simu niujumlishe mwenyewe. Ilipofika 15.403683 ikagoma. Nikaenda mazoezini, kurudi nikakuta imeshapita kipande cha milioni mia moja na jumla iko palepale. Kaka yangu anasema basi kikomo ndicho hicho, kitabu kimekosea. Halafu kwa nini jina la muziki? Harmoniki za gitaa nazijua: freti (vile vyuma vya shingoni) ya 12, ya 7, ya 5. Ya freti ya 4 ndiyo inanisumbua. Haitoki pale juu ya chuma, na ikitoka hailingani na kinanda chetu. Gitaa ni bovu au ni sikio langu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kaka yako mwambie apunguze mwendo. Kitabu hakijakosea, gitaa si bovu, na sikio lako ni zima kuliko unavyolidhania. Waliokosea ni wawili, simu na kinanda, na kosa lao ni la aina moja: wote wanakadiria. Kila mmoja anaipeleka namba kwenye alama iliyo karibu kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nianze na gitaa kwa kuwa unalo mkononi. Chukua rula. Gitaa nyingi zina sentimita 65 hivi kutoka pale uzi unapoanzia kichwani mpaka kwenye daraja, pale unapoishia tumboni. Ukiupiga uzi wa A mtupu unatetema mara 110 kwa sekunde, lakini hautetemi kwa namna moja tu. Umeona watoto wakichezesha kamba ndefu: wakiitikisa taratibu inainuka tumbo moja, wakiongeza kasi inagawanyika matumbo mawili na katikati pametulia, wakiongeza tena yanakuwa matatu. Uzi wa gitaa unafanya hayo yote kwa pamoja. Mzima wake unatetema mara 110, nusu zake mara 220, thuluthi zake mara 330, robo zake mara 440, sehemu zake za tano mara 550, hivyohivyo kupanda. Hauwezi kugawanyika matumbo mawili na nusu, maana ncha zote mbili zimefungwa na tumbo nusu halina pa kuishia. Ndiyo sababu zinakuja namba kamili tu.

Unapogusa kidogo juu ya freti ya 12 huongezi sauti yoyote. Unaua. Kila mtetemo unaotaka kusogea pale chini ya kidole unanyamaza, na inabaki ile ambayo pale ni mahali pake pa kutulia. Katikati ya uzi inabaki ya nusu pamoja na wenzake wa robo na wa sehemu ya sita. Sauti uliyoisikia ikitoka kama kengele ilikuwemo ndani ya uzi tangu mwanzo, ila ilifunikwa na kubwa yao.

Sasa rula. Nusu ya 65 ni 32.5, na freti ya 12 iko hapo hasa. Thuluthi ni sentimita 21.67, na freti ya 7 iko 21.62. Tofauti ni nusu milimita, kidole chako ni kinene kuliko hiyo. Robo ni 16.25, freti ya 5 iko 16.30. Nayo haina neno. Sehemu ya tano ya uzi ni sentimita 13 kamili, lakini chuma cha freti ya 4 kimekaa 13.41. Hapo pana milimita nne, na milimita nne kwa harmoniki nyembamba ya tano ni mbali. Sogeza kidole milimita nne kuelekea kichwa cha gitaa, kiguse tu, usikandamize, piga karibu na daraja. Itatoka safi.

Kwa nini fundi aliyezilenga freti za 12, 7 na 5 vizuri hivyo akaikosa ya 4? Hakuikosa. Yeye hakuwa anatafuta sehemu ya tano ya uzi. Freti zimepangwa ili kila moja ipandishe sauti kwa kuzidisha na namba ileile, takriban 1.0595, na ukiizidisha mara kumi na mbili upate 2, yaani oktava. Freti nne zinakupa 1.26. Uzi wenyewe, kwa tabia yake, unataka 5/4, yaani 1.25. Kwa lugha ya kwaya: ukiifanya A kuwa do, harmoniki ya tano ni mi. Mi ya uzi ni 550, mi ya kinanda ni 554.4. Zipige pamoja utasikia sauti inayumba, wau-wau-wau, mara nne na ushei kwa sekunde. Hiyo ndiyo iliyokusumbua. Sikio lililoisikia silitilii shaka hata kidogo.

Unaweza kuuliza kwa nini wasitengeneze kinanda chenye mi ya 1.25, yaishe. Jaribu mwenyewe. Panda kwa hatua tatu za namna hiyo, do hadi mi, kutoka hapo mi nyingine, kisha nyingine. Kwa kinanda unafika oktava. Kwa hesabu, 1.25 × 1.25 × 1.25 ni 1.953. Haikufika 2. Ukizipa tatu zote haki yake, oktava inapungua, na wimbo ukibadilisha ufunguo unakuta noti iliyokuwa tamu imegeuka shubiri. Watengenezaji wa vinanda wakaamua kuigawa hasara kwa noti zote kumi na mbili sawasawa, kila moja ikose kidogo, asiwepo wa kulia sana. Ni mapatano, na mimi siyalaumu. Ila nakuomba ufanye jambo moja mazoezini: mwambie mpiga kinanda anyamaze, waimbaji washike do-mi-so kwa pumzi ndefu bila chombo. Kwaya nzuri ikiachwa peke yake, mi inashuka yenyewe taratibu mpaka akodi inatulia kabisa. Kisha kinanda kiingie. Utaona nyuso zinavyokunjamana.

Harmoniki ya saba ndiyo yatima kabisa. Kwa uzi wa A ni 770, na noti ya kinanda iliyo karibu nayo ni 784, mbali mno hata kwa kukadiria. Kwaya zetu haziijui kwa sababu zimelelewa na kinanda. Lakini panda gari uende Dodoma. Ngazi ya muziki wa Kigogo imejengwa juu ya harmoniki hizi za asili, ya saba ikiwemo, na ukisikiliza ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) ya marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, utasikia noti ambayo mtu aliyezoea kinanda atasema imelegea. Haijalegea.

Nisikudanganye kwamba kila kinacholia kinafuata 1, 2, 3, 4. Ngozi ya ngoma haifuati. Kwa ngozi ya duara iliyowambwa sawasawa, mitetemo yake inakwenda kama 1, halafu 1.59, halafu 2.14, halafu 2.30, namba zisizo na undugu. Ndiyo maana sindimba ikipigwa unasikia ngoma kubwa na ngoma ndogo, nzito na nyepesi, lakini si rahisi useme hii ni do na ile ni so. Ubao wa marimba nao una kabila lake: mtetemo wake wa pili ni kama mara 2.76 ya wa kwanza, kama fundi hajauchonga tumbo chini kuurekebisha.

Na kwa kuwa wewe ni wa huku kusini, siwezi kuupita mpingo. Huu mti ambao Wamakonde wanauchonga vinyago, mzito hadi unazama majini, ule wa misitu ya Kilwa na kwingineko Lindi, unasafirishwa Ulaya ukachongwe klarineti na obo. Mti mmoja, vyombo viwili, tabia mbalimbali. Tundu la klarineti ni kama bomba lililonyooka, limezibwa upande wa mdomo na kuwa wazi upande wa pili, kwa hiyo hewa ndani yake inapendelea harmoniki za witiri: 1, 3, 5. Mpigaji akiisukuma irukie sauti ya juu hairuki oktava, inarukia ya tatu, oktava na noti tano. Tundu la obo linapanuka kama pembe, kwa hiyo shufwa zinarudi na oktava ipo. Ukitaka kuonja jambo hili bila klarineti, kata bomba la maji la plastiki sentimita 60, lipige mdomoni kwa ndala na uiondoe upesi. Rudia, safari hii uiache ndala imeziba. Sauti inashuka karibu oktava nzima, na bomba ni lilelile.

Tuje kwenye jina. Wewe unasikia mara 110, 220, 330: hizo ni 1, 2, 3. Lakini ukipima urefu wa kipande cha uzi kinachotetema unapata mzima, nusu, thuluthi, robo. Ndio mfululizo wako, umelala juu ya gitaa. Neno lenyewe ni la zamani kuliko gitaa. Wagiriki walizipima nyuzi, wakaona kwamba uzi wa sentimita 60, tuseme, ukiufupisha kuwa 40 unapata so, ukiufupisha kuwa 30 unapata do ya juu, na hiyo 40 iliyokaa kati ya 60 na 30 wakaiita wastani wa harmoniki. Si wastani wa kawaida, ambao ungekuwa 45. Wastani huu unapatikana kwa kuzipindua namba kwanza, kuchukua wastani wa kawaida, kisha kupindua tena. Angalia mfululizo wako: 1/3 ni wastani wa namna hiyo kati ya 1/2 na 1/4, 1/4 ni wastani kati ya 1/3 na 1/5, na kila kipande kati ya jirani zake hivyohivyo. Upande wa sauti, Mfaransa Mersenne aliandika mwaka 1636 juu ya nyuzi na sauti za juu alizozisikia ndani yake, na mwaka 1701 Mfaransa mwenzake Joseph Sauveur ndiye aliyezipa sauti hizo jina la harmoniki. Inasimuliwa kwamba Sauveur mwenyewe alikuwa na masikio mazito. Mungu ana mzaha wake.

Ila jina likishaazimwa, shughuli zinaachana. Hakuna mpiga gitaa aliyewahi kuzijumlisha nusu na thuluthi na robo. Zinalia pamoja, basi. Na uzi halisi hauendi hadi harmoniki ya milioni: una unene, una ukakamavu, na za juu hufa mapema. Kujumlisha bila kusimama ni ugonjwa wa watu wa hesabu.

Wa kwanza tunayemjua kuonyesha kwamba jumla haina kikomo ni Nicole Oresme, Mfaransa aliyekuja kuwa askofu, mnamo mwaka 1350. Hoja yake ni fupi kiasi kwamba unaweza kumweleza kaka yako mkiwa mnasubiri chai ichemke. Weka 1, weka 1/2. Chukua 1/3 na 1/4 pamoja: 1/3 ni kubwa kuliko 1/4, kwa hiyo mbili hizo zinazidi robo mbili, yaani zinazidi nusu. Chukua vinne vinavyofuata, 1/5 hadi 1/8: kila kimoja si chini ya 1/8, viko vinne, jumla inazidi nusu. Vinane vinavyofuata, 1/9 hadi 1/16, nusu tena. Kumi na sita vinavyofuata, nusu tena. Vipande vinadhoofika lakini kundi linarefuka, na kila kundi linaleta nusu na ziada. Nusu hazitaisha. Kaka akitaja kikomo chochote, 16 au elfu, wewe unahesabu nusu za kutosha na kumpita.

Anachokosea ni kuchanganya polepole na kusimama. Huu mfululizo ni mvivu ajabu. Ili upite 10 unahitaji vipande 12,367. Ili upite 20 unahitaji 272,400,600. Ili upite 100 unahitaji namba ya vipande inayoandikwa kwa tarakimu 44, na kompyuta ya kujumlisha bilioni moja kila sekunde isingemaliza hata kama ingewashwa siku ulimwengu ulipoanza. Jumla ya vipande n ni takriban logi asilia ya n ukiongeza 0.5772. Iweke hiyo kwenye kikokotoo chako (cha Casio, si kile cha mafao kilichotunyima usingizi sisi wastaafu) na utaona simu yako ilipokuwa kwenye kipande cha milioni mia moja ilipaswa kusoma karibu 18.998. Ilisoma 15.403683.

Kwa nini? Wazia karani ghalani msimu wa korosho. Mizani yake inasoma kilo nzima tu, na kila mzigo ukija anaandika jumla mpya kwa kilo nzima iliyo karibu. Ukimletea gramu 600 anaandika kilo moja. Ukimletea gramu 400 anaandika sifuri, na ukiendelea kumletea gramu mia nne mia nne mpaka msimu ufungwe, daftari halisogei. Wenye kangomba, wale wanunuzi wa korosho wa kificho, wangempenda karani huyu, kutegemea wanauza au wananunua.

Simu yako ilitunza jumla kwa namba ya biti 32. Namba ya aina hiyo ikiwa kati ya 8 na 16, hatua yake ndogo kabisa ni 1/1,048,576. Hiyo ndiyo kilo ya karani. Kipande kikiwa chini ya nusu ya hatua, yaani chini ya 1/2,097,152, kinaandikwa sifuri. Kwa hiyo baada ya kipande cha 2,097,152 simu ilikuwa inajumlisha sifuri, na ungeweza kwenda mazoezini mpaka Pasaka.

Lakini kuna jambo nililolipenda zaidi, ambalo hukuliuliza. Hata hiyo 15.403683 ni ya uongo. Jumla halisi ya vipande 2,097,152 ni 15.1333. Simu ilikuwa imezidisha kabla ya kugoma. Angalia safari ya mwisho: kuanzia takriban 1/699,051 hadi mwisho, kila kipande ni kati ya hatua moja na nusu na nusu hatua, na karani wetu vyote ameviandika hatua moja. Ni vipande karibu milioni moja na laki nne. Kwa haki vina 1.0986, yeye ameandika 1.3333. Ziada nyingine ndogondogo aliiweka njiani kabla ya hapo. Kwa hiyo kaka yako amejenga hoja juu ya namba ambayo si kikomo wala si jumla.

Ukitumia namba za biti 64 ugonjwa ni uleule, umeahirishwa tu. Itagoma mahali fulani karibu na 34, baada ya vipande kama trilioni 280. Kwa kasi ya vipande milioni mia kwa sekunde hiyo ni siku thelathini na mbili hivi. Usijaribu, betri ya simu haina kosa.

Kama mna seti ya dhumna nyumbani, kuna njia ya kuuona uvivu huu kwa macho. Panga vipande juu ya ukingo wa meza, kimoja juu ya kingine, ukivisukuma nje: cha juu kabisa kizidi kile cha chini yake kwa nusu ya urefu wake, hicho kikizidi kinachofuata kwa robo, kisha kwa sehemu ya sita, kisha ya nane. Ni mfululizo wako umekatwa nusu. Kwa vipande vinne tu, kama mkono hautetemeki na feni imezimwa, kipande cha juu kinakaa chote nje ya meza, chini yake hewa tupu. Nimeshinda soda kadhaa barazani Mikindani kwa jambo hili. Seti nzima ina vipande 28, na hesabu inasema vikipangwa bila kosa vinafika nje kwa urefu wa vipande 1.96. Kufika viwili kamili na kuzidi unahitaji 31. Azima vitatu kwa jirani.

Programu yako usiifute. Igeuze. Badala ya kuanza na 1, anza na 1/2,097,152 urudi nyuma hadi 1, biti zilezile 32. Vidogo vikijumlishwa na vidogo wenzao, jumla bado ni ndogo na hatua za simu bado ni nyembamba, kwa hiyo hakuna anayemezwa. Wakifika kwa wakubwa tayari wana uzito wa kuonekana mizanini. Utapata 15.13 na kitu. Kaka yako akiuliza imekuwaje vipande vilevile vikatoa jumla nyingine kwa kubadilishiwa foleni tu, mpeleke kwa karani.